Neno na Kigingi Chake: Juu ya Kujifunza Maneno ya Kigeni katika Nchi ya Karagwe

Mwezi wa Novemba mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke aliwasili nyumbani kwa Rumanyika, Omukama wa Karagwe, akiwa pamoja na mwenzake James Grant. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1863 Speke ameandika kwamba maamkio ya kwanza ya mfalme huyo yalitolewa kwa Kiswahili kizuri. Wanahistoria wengi hupita upesi juu ya habari hiyo, kwa kuwa wana haraka ya kufika kwenye chanzo cha Nile pamoja na msafiri wao. Sisi tunapenda kusimama hapo kidogo. Karagwe iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka pwani. Wakati ule haikuwako shule hata moja, wala kamusi, wala kitabu cha sarufi. Tena mgeni mwenyewe hakuweza kufanya mazungumzo yake bila mkalimani: alisema Kihindustani na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani tangu utoto na kukaa India miaka mingi, naye Bombay akayageuza maneno yake kuwa Kiswahili. Basi katika nyumba ile mwenyeji alikuwa amefika mbali zaidi katika lugha ya kigeni kuliko mgeni aliyekuja kumchunguza.

Makala hii inahusu jambo linaloonekana dogo, yaani jinsi mtu anavyolishika neno la lugha ambayo hakuzaliwa nayo. Wale wanaofundisha katika vyuo vyetu wanajua kwamba si dogo. Kila mwaka wanafunzi hodari wa Maandiko, wahubiri ambao usharika huwasikiliza kwa machozi, hukutana na Kiyunani na Kiebrania na kuanguka. Na huko chini, katika shule za sekondari za Kayanga au Nkwenda, mtoto wa Kidato cha Kwanza hukutana siku moja na Kiingereza katika karibu masomo yote, baada ya miaka ya kusoma kwa Kiswahili, ambacho kwa wengi nacho ni lugha ya pili. Njia wanayopewa wote ni ile ile: orodha ya maneno, upande wa kushoto lugha ngeni na upande wa kulia maana yake, irudiwe mpaka ishikwe. Asiyeishika huambiwa kwamba hana kichwa. Tunaona kwamba hukumu hiyo si ya haki, na kwamba historia ya nchi hii ya Karagwe, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanywa kuwa wilaya mbili za Karagwe na Kyerwa, inatoa ushuhuda mwingine. Neno geni hukaa pale linapopata kigingi cha kutundikwa, na kigingi cha kwanza cha mtu ni lugha ya nyumbani kwao pamoja na mambo ambayo macho yake yameyaona.

Turudi kwa Rumanyika. Kiswahili kilifika Karagwe pamoja na biashara ya pembe za ndovu. Wafanyabiashara wa pwani walijenga kituo chao mahali panapoitwa Kafuro, si mbali na makao ya mfalme, na Musa Mzuri, Mhindi aliyekuwa na nyumba yake Kazeh, mahali ambapo leo ni Tabora, alikuwa rafiki wa ufalme huo. Speke aliambiwa kwamba Musa na wenzake walitoa pembe nyingi kwa Kabaka Suna wa Buganda ili amsaidie Rumanyika dhidi ya ndugu yake Rogero aliyegombea kiti. Hivyo lugha hii haikuja kama somo. Ilikuja pamoja na vitambaa, shanga, chumvi, na mambo ya vita. Kila neno lilifika limeshikamana na kitu kinachoonekana, na mara nyingi kitu chenyewe kilikuwa kimeshikwa mkononi na yule aliyelitamka.

Isitoshe, sikio la Mnyambo halikulisikia neno la Kiswahili kama kelele tupu. Aliyesema *omuntu* alilitambua *mtu*. Aliyesema *omuti*, *enyama* na *okufa* aliwatambua *mti*, *nyama* na *kufa*. Neno kuu la biashara yenyewe, *pembe*, lilikuwa na ndugu yake Karagwe, *ihembe*, yaani pembe ya mnyama. Ni kama mtu anayekutana na mjukuu wa jirani yake katika mji wa mbali: uso haufanani kabisa, lakini pua anaijua. Hata katika kuhesabu, mbili na tatu, nne na tano, zilimfikia zikiwa na sura ya nyumbani. Ugumu ulianzia kwenye sita, saba na tisa, maneno yaliyotoka Kiarabu. Hapo Mnyambo mwenye *mukaaga* yake hakupata pa kushika. (Kwa tisa, Waswahili wa zamani walikuwa na neno *kenda*, ambalo mwenye kuhesabu *mwenda* angelipokea mara moja. Ni hasara kwetu sote kwamba limeachwa.) Msomaji aangalie mfano huu mdogo wa tarakimu, kwa maana ndani yake mna jambo lote tunalolisema. Maneno yenye undugu hujishika yenyewe. Yale yasiyo na undugu yanahitaji kutafutiwa.

Wala si wenyeji tu waliotafuta vigingi. Chini ya kilima cha makao ya Rumanyika liko ziwa dogo ambalo wenyeji waliliita Rweru Rwabishonga. Grant alipolitazama alikumbuka ziwa moja la kwao Uingereza, naye Speke akaliandika katika ramani kuwa ni Windermere Ndogo. Kuna waliochukizwa na kitendo hicho, na wana haki, maana ni kiburi kulipa jina jipya ziwa lenye jina. Lakini tukitazama upande wa akili ya binadamu, tunaona jambo la kawaida kabisa. Wasafiri hao walifika katika nchi wasiyoijua wakiwa na majina mengi ya kukumbuka kila siku, na walichofanya ni kutundika kitu kigeni juu ya picha ya nyumbani. Kosa lao ni kwamba walikitangaza kigingi chao kana kwamba ndilo neno lenyewe. Hatari hiyo tutaikuta tena mbele.

Sasa yafaa tuulize kama watu wa nchi hii walikuwa na ustadi wao wenyewe wa kushika maneno kwa picha na kwa mahali. Jibu ni kwamba walikuwa nao, tena mwingi. Wafugaji wa Karagwe na Ankole waliwapa ng'ombe majina kwa rangi, kwa mabaka na kwa umbo la pembe, hata kundi zima likawa kama ukurasa unaosomwa kwa macho. Majigambo ya mashujaa, ambayo Wahaya huyaita *ebyebugo* na Wanyankore *ebyevugo*, yamejaa majina ya mahali: hapa nilisimama, pale mkuki ulilia, kule ng'ambo adui walikimbia. Msemaji huenda haraka mno, bila kupumua, na anachokifuata ni njia aliyoiona rohoni mwake, kilima baada ya kilima. Vivyo hivyo mpiga enanga, yule anayeimba juu ya nyuzi zilizotandazwa katika ubao uliochongwa. Profesa M. M. Mulokozi, aliyezichunguza tenzi za enanga za Wahaya katika tasnifu yake ya mwaka 1986, ametuonyesha kwamba msanii wa enanga hutunga anapoimba. Hasomi maandishi yaliyofichwa kichwani. Kinachomwongoza ni mfuatano wa matukio, nao humjia kama picha.

Mfano ulio wazi kuliko yote hautoki Karagwe yenyewe bali kwa jirani zake, katika kijiji cha Katuruka karibu na Maruku, upande wa Bukoba. Huko palikuwa na mti mkubwa na mahali patakatifu paitwapo Kaiija, maana yake mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe alitaka kujenga mnara wa chuma ufike mbinguni. Mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alikuja kwao mwishoni mwa miaka ya 1960, akawasikiliza, kisha akachimba pale walipomwonyesha. Alipata mabaki ya ufuaji chuma ambayo umri wake ulirudi nyuma hadi kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, katika milenia ya kwanza. Katika kitabu chake cha mwaka 1978 alieleza kwamba mti ule na uwanja ule vilikuwa chombo cha kumbukumbu. Simulizi iliwekwa mahali, na kila aliyepita alikumbushwa. Hatusemi kwamba wazee walikumbuka neno kwa neno mambo ya miaka elfu mbili na zaidi. Tunasema kwamba mahali palishika kile ambacho kinywa peke yake kisingeweza kukishika. Lakini chombo cha namna hiyo kina udhaifu wake. Ukimwi, ambao wagonjwa wake wa kwanza katika Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, uliwaondoa wengi waliokuwa wakijua kuusoma uwanja ule, na wanakijiji walipokuja kuanza kazi ya kuufufua urithi wao ilibidi wawatafute waliobaki, miongoni mwao wanawake wazee ambao zamani hawakuulizwa.

Msomaji aliyesoma historia ya Kanisa atakuwa ametambua jambo. Ustadi huu wa picha na mahali ndio ule uliofundishwa na Wayunani na Warumi. Cicero anasimulia habari za mshairi Simonides, aliyetoka nje ya karamu kabla paa halijaanguka, akaweza kuwataja waliokufa wote kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa ameketi wapi. Tangu hapo walimu wa usemi walifundisha wanafunzi wao kuijenga nyumba akilini na kuweka katika kila chumba picha ya jambo la kukumbuka. Mwafrika wa Tagaste, Mtakatifu Augustino, aliyekuwa mwalimu wa usemi kabla hajawa askofu, aliandika katika kitabu cha kumi cha *Maungamo* juu ya kumbukumbu kama mashamba mapana na majumba makubwa ambamo picha za vitu vyote zimewekwa akiba. Na mwaka 1596 Mjesuiti Matteo Ricci aliandika kwa Kichina, katika mji wa Nanchang, kitabu kidogo juu ya ustadi huo kwa ajili ya watoto wa gavana waliokuwa wakijiandaa kwa mitihani ya serikali. Ricci mwenyewe, mgeni aliyejifunza maelfu ya herufi za Kichina, aliweza kusoma mara moja orodha ya herufi mia nne au mia tano zisizohusiana na kuirudia. Lakini mwana mkubwa wa gavana alipokwisha kukisoma kitabu alisema kwamba kanuni zake ni za kweli, ila mtu anahitaji kumbukumbu kubwa sana ili aweze kuzitumia. Tunamheshimu kijana huyo. Majumba ya Ricci yalikuwa ya Ulaya, na mtu hawezi kutembea kwa urahisi katika nyumba ambayo hajapata kukaa ndani yake.

Je, sisi Walutheri tuna ruhusa ya kutumia picha za moyoni? Swali hili si la mzaha. Mwaka 1584 mwanatheolojia William Perkins wa Cambridge alishambulia ustadi wa picha za kumbukumbu kwa ukali, akiona kwamba unaamsha tamaa za mwili na kwamba unafanana na sanamu ambazo Wapuritani walikuwa wakiziondoa makanisani. Aliyevunja sanamu ukutani alitaka kuzivunja na kichwani. Luther alikwisha kulijibu jambo hilo karibu miaka 60 kabla. Mwaka 1525, alipojadiliana na wale waliovunja sanamu, alisema kwamba akisikia habari za Kristo, apende asipende, picha ya mtu aliyetundikwa msalabani hujitokeza moyoni mwake, kama uso wake unavyojitokeza katika maji anapoyatazama. Na kama si dhambi kuwa nayo moyoni, kwa nini iwe dhambi kuwa nayo machoni? Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 ilichapwa kwanza kama karatasi za kubandikwa ukutani, na baada ya muda mfupi ikatoka kama kitabu chenye picha. Ni kweli kwamba Luther alidai maneno yake yashikwe kwa namna moja bila kubadilishwa, na kwamba maelezo yafuate baadaye. Yeye hakudharau kukariri, wala sisi hatukudharau. Kukariri peke yake, bila picha na bila maelezo, ndiko tunakokulalamikia.

Waliofuata walikwenda mbali zaidi. Comenius, askofu wa Ndugu wa Moravia, alitoa huko Nürnberg mwaka 1658 kitabu ambacho kila sura yake ina picha yenye namba, na kila namba ina neno la Kilatini na neno la lugha ya mtoto. Kabla yake kidogo, mwaka 1651, Johannes Buno, mwalimu wa Kilutheri ambaye baadaye alifundisha Lüneburg, alitoa sarufi ya Kilatini iliyogeuzwa kuwa hadithi na picha. Wenzake wengine walimcheka. Hata leo picha zake zinachekesha, lakini mtoto akicheka amekwisha kukumbuka.

Tukija sasa kwenye Injili katika upande wetu wa ziwa, tunakuta tena habari ya maneno ya kigeni. Kabla wamisheni wa Betheli hawajafika Buhaya mwaka 1910, chini ya uongozi wa Ernst Johanssen aliyekuwa amefanya kazi Rwanda tangu mwaka 1907, lilikuwako tayari kundi dogo la Wahaya waliosoma Maandiko kwa Kiganda, kwa vitabu vilivyotoka Uganda. Hao walijifunza kusoma na kujifunza lugha ya jirani kwa wakati mmoja. Kiganda kilikuwa karibu na Kihaya vya kutosha kuweza kueleweka, na mbali vya kutosha kuyafanya maneno yaonekane matakatifu. Injili ilipofika Karagwe baadaye ililetwa kwa sehemu kubwa na wainjilisti Wahaya, kwa hiyo Wanyambo nao walilipokea Neno kupitia lugha ya jirani. Dayosisi yao wenyewe ilianzishwa mwaka 1979.

Katika kundi la Betheli huko Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, alikuwapo Karl Roehl, ambaye tafsiri yake ya Agano Jipya kwa Kiswahili ilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Roehl aliamini kwamba Kiswahili cha pwani kimejaa maneno ya Kiarabu ambayo watu wa bara hawawezi kuyashika, akayaweka mengi kando na kutafuta maneno yenye mizizi ya Kibantu. Wengi walimpinga, hasa watu wa pwani, na mwaka 1952 Biblia ya Muungano ilitoka kwa njia nyingine. Hatutaki kuufufua ugomvi huo. Lakini ni haki kusema kwamba katika jambo moja Roehl aliona sawasawa: mtu wa bara hulishika kwa urahisi neno ambalo shina lake analo nyumbani. Yale tuliyoyaona katika hesabu ya Mnyambo, yeye aliyajua kwa kazi.

Hata hivyo, alisahau kitu. Maneno yale yale ya Kiarabu ambayo yanamsumbua mkulima wa Kaisho ndiyo yanayomsaidia mwanafunzi wa theolojia siku anapofungua Kiebrania. Mwalimu anaandika *nefesh* ubaoni, na mwanafunzi ana *nafsi*. Anaandika *ruaḥ*, na mwanafunzi ana *roho*. *Dam* ni *damu*, *mawet* ni *mauti*, *berakhah* ni *baraka*, *mal'akh* ni *malaika*. Mwanafunzi wa Ujerumani anayejifunza Kiebrania hana hata moja la maneno hayo katika lugha ya mama yake. Sisi tunayo kwa makumi, kwa sababu Kiarabu na Kiebrania ni ndugu. Ni ajabu kwamba jambo hili huachwa bila kutumiwa darasani, huku wanafunzi wakihangaika na orodha kana kwamba kila neno limeanguka kutoka mwezini.

Kiyunani hakina undugu huo, na Kiingereza vivyo hivyo. Hapa ndipo tunapohitaji kigingi cha kutengenezwa. Mwaka 1975 Richard Atkinson na Michael Raugh wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapa wanafunzi maneno 120 ya Kirusi kwa siku 3. Kundi moja lilijifunza kwa namna yake. Kundi la pili lilipewa kwa kila neno la Kirusi neno la Kiingereza linalofanana nalo kwa sauti, na likaagizwa kuunda akilini picha inayounganisha neno hilo na maana. Kundi la picha lilikumbuka asilimia 72, na lile la kwanza asilimia 46. Baada ya majuma 6, bila kuonywa, walipimwa tena: 43 kwa 28.

Kwa mwanafunzi wetu, neno la sauti halitatoka katika Kiingereza bali katika Kinyambo au Kiswahili. *Kokkos* katika Kiyunani ni punje, kama ile ya haradali. Mnyambo ana *enkoko*, yaani kuku: na amwone basi kuku mweusi anadonoa punje moja ya haradali, akiiacha mihogo yote iliyoanikwa uani. *Limnē* ni ziwa: amwone mkulima anayelima juu ya maji ya Rweru Rwabishonga na jembe lake halizami. *Telos* ni mwisho: gunia la kahawa likijaa tele hushonwa mdomo, na huo ndio mwisho wa kazi. Mtoto wa sekondari anayetaka neno la Kiingereza *tent*, yaani hema, ana *ente*, ng'ombe; na amwone ng'ombe mwenye pembe ndefu amelala hemani, pembe zikitoboa kitambaa. Picha ikiwa ya kawaida hupotea, ikiwa ya ajabu hubaki. Mababu waliotunga vitendawili walilijua jambo hilo.

Njia hii ina mipaka. Neno la Kiingereza *maize*, mahindi, linafanana na *amaizi*, ambayo kwa Kinyambo ni maji. Mtoto anaweza kuyaona mahindi yamesimama ndani ya maji hadi shingoni, akafaulu; lakini asipoiangalia picha vizuri atajibu katika mtihani kwamba neno hilo maana yake ni maji, na hapo atakuwa amerudia kosa la Windermere, kukichukua kigingi badala ya kilichotundikwa. Tena picha haifundishi sarufi. Haimwambii mwanafunzi kwamba *kokkos* hubadilika mwisho wake kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi. Wachunguzi wa miaka ya 1990 walionyesha pia kwamba maneno yaliyoshikwa kwa picha yanaweza kusahauliwa haraka yasiporudiwa. Hatuna budi basi kurudia baada ya siku moja, baada ya juma, baada ya mwezi, na kulisoma neno ndani ya Maandiko yenyewe, mpaka picha ianguke kama jukwaa la mjenzi na ukuta ubaki.

Lakini jambo linalotutia uzito kuliko hayo ni jingine. Vigingi hivi vyote ni vya Kinyambo, na Kinyambo chenyewe kinapungua vinywani mwa vijana. Lugha za jamii hazitumiki kufundishia katika shule za Tanzania. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi tangu mwaka 1967, kwa sababu njema za umoja wa taifa ambazo hatuzipingi. Wazazi wengine wameendelea mbele zaidi, wakiona kwamba mtoto asiposikia lugha ya bibi yake atakishika Kiingereza upesi. Kwa ushahidi tulioutaja, tunaona kwamba wanamnyang'anya ngazi ili afike juu haraka. Mtoto asiyelijua neno *ihembe* hana anachokitambua katika *pembe*, na asiyelijua *enkoko* hana wa kumdonolea punje.

Kwa bahati njema kazi fulani imefanyika. Israel Katoke aliandika historia ya ufalme wa Karagwe na ya Wanyambo, ikatoka mwaka 1975. Profesa Josephat Rugemalira alitoa mwaka 2002 msamiati wa Runyambo kwa Kiswahili na Kiingereza, na mwaka 2005 sarufi ya lugha hiyo. Tungependa vitabu hivyo viwekwe katika maktaba ya kila chuo cha wainjilisti, si kwa ajili ya wataalamu wa isimu tu, bali kwa mwalimu wa Kiyunani anayetafuta neno la sauti saa mbili za usiku kabla ya kipindi cha kesho.

Kuhusu mahali, nchi yenyewe inatosha. Barabara itokayo Omurushaka hupita Nkwenda, Isingiro na Kaisho hadi Murongo, kwenye daraja la mto Kagera mpakani na Uganda. Mwanafunzi aliyekulia huko anaijua njia hiyo akiwa amefumba macho. Basi na aweke maneno 10 ya Kiyunani katika kila kituo: *kokkos* sokoni Nkwenda pamoja na kuku wake, *telos* Isingiro kwenye ghala ya kahawa, na *potamos*, mto, pale Murongo darajani, ambapo hahitaji kubuni picha yoyote. Akipanda basi kwenda likizo atakuwa amerudia maneno 50 kabla hajashuka.